Mkague farasi kwanza, ndipo umgombeze mtoto

Swali la wiki hii linasema: mtoto alilia mpaka akanunuliwa farasi, sasa amefika miaka kumi na mitano na hata bandani haingii, mzazi afanye nini? Mimi ni binti wa saisi, yaani mtunza farasi, mzaliwa wa Njoro, Kenya, na kazi yangu ni kufundisha watoto kupanda farasi. Ombi langu kwa wazazi ni moja: msimwite kijana mvivu kabla ya kujua kilichompata.

Mara nyingi mambo huanzia shuleni. Mtoto akienda bweni, farasi aliyezoea kupandwa karibu kila siku husimama muhula mzima, huku akiendelea kupewa nafaka ileile ya farasi wa kazi. Nguvu zinamjaa, hana pa kuzipeleka. Likizo ikifika mtoto anatandika na kupanda kana kwamba aliondoka jana. Kijana mmoja niliyemfundisha aliangushwa hivyo mwezi wa Agosti, kando ya shamba la mahindi, na hakumwambia mtu. Nyumbani akawa anasema ana kazi nyingi za shule. Baba yake akaamua kwamba simu ndiyo imemharibu, akamnyang'anya. Mimi ukweli niliupata kwa saisi, aliyemwona farasi akirudi peke yake, tandiko limening'inia ubavuni.

Kijana wa umri huo ni afadhali aitwe mvivu kuliko mwoga. Ndiyo maana kumfokea hakusaidii kitu.

Tulimpunguzia farasi nafaka, tukamwacha kwenye malisho na nyasi kavu, na kijana nikamwambia kupanda tusahau kwanza. Alifanya kazi za chini tu: kumwongoza kwa kamba, kumzungusha, kumsimamisha, kumrudisha nyuma hatua chache. Hadi leo hataki kwenda shoti, na simlazimishi. Lakini ndiye huwa wa kwanza kugundua farasi amesusa chakula, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anataka kulala na kugaagaa. Hizo ni dalili za msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika, hivyo daktari akichelewa mnyama anaweza kufa. Kupenda kupanda na kupenda kutunza ni mapenzi mawili tofauti. Wazazi wengi wakiona la kwanza limeisha wanadhani na la pili limekwenda.

Kagueni pia kwa mizani. Wafugaji wengi hufuata kanuni kwamba farasi asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi mdogo wa kilo 250 mwisho wake ni kilo 50. Mtoto aliyekuwa na kilo 30 sasa ana 55. Farasi anaumia mgongo, anakataa kutembea, na mtoto anadhani hapendwi tena. Wasichana nao wana yao: mwili unabadilika, siku za hedhi zinauma, na wavulana wanamkodolea macho akipita na suruali ya kubana. Mama au shangazi amuulize kwa upole, wakiwa wawili tu.

Na wengine wameacha kweli, hakuna hofu wala maumivu. Hao pia wasiaibishwe. Beryl Markham alilelewa hapa Njoro, kwenye shamba la farasi la baba yake, akawa mkufunzi wa farasi wa mbio akiwa bado msichana. Baadaye akageukia ndege, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Miaka mingi ikapita kabla hajarudi Kenya na kufunza tena farasi wa mbio.

Ila mnyama hasubiri mtu arudi. Anahitaji lita 25 hadi 50 za maji kila siku, kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane, achanjwe dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), na msimu wa mvua aingizwe bandani kabla jua halijatua kwa sababu visubi wanaoueneza huuma usiku. Aliyemlipia farasi ni mzazi, basi mzigo huo ni wa mzazi. Kama huuwezi, muuze au mkodishe kwa mtu unayemjua, ambaye banda lake umelitembelea. Usimuuze farasi wakati mtoto yuko shuleni. Nimeona vijana waliofunga shule wakakuta banda tupu, na hawakuwaamini wazazi wao tena kwa muda mrefu. Ngoja likizo. Kijana awepo, amweleze mtunzaji mpya chanjo ya mwisho ilikuwa lini, kwato zilikatwa lini, na kwamba farasi huyu akivalishwa lijamu kwa haraka hurusha kichwa.