Kiuno baada ya kujifungua: kairoprakta au fizio?

Dada, umeuliza kama uende kwa kairoprakta, yule mtaalamu wa kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, kwa sababu kiuno kinakuuma tangu ujifungue, na mtoto sasa ana miezi miwili. Unaweza, ila mimi ningeanza na fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya mwili, hasa anayeshughulikia misuli ya nyonga. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga, na hali hiyo haiishi siku unayotoka wodini. Ukinyooshwa mgongo leo na misuli ya tumbo bado haina nguvu, maumivu yanaweza kurudi.

Ukienda, mwambie mapema ulijifungua lini na kama ulipasuliwa. Kataa kuzungushwa shingo kwa nguvu: ni nadra, lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika. Akikuuzia kifurushi cha miezi kabla hata hajakupima, beba mkoba wako uondoke.

Angalia pia unavyonyonyesha. Wengi wetu tunamwinamia mtoto badala ya kumleta titini. Weka mto mapajani, egemea kiti, miguu ifike chini. Beseni la nepi lipandishe juu ya stuli. Na kama uko ghorofa ya juu kule mtaa wa Pipeline, Nairobi, jerikeni za maji apandishe baba mtoto, hiyo haina mjadala.

Ukifa ganzi sehemu za siri, ukishindwa ghafla kuzuia mkojo, ukipata homa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, achana na wanyoosha viungo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama Thika Road imejaa.