Seli haijagoma kutengeneza kadherini, wadogo zangu

Wiki hii nimesikia tena maabara: "Seli zangu za misuli hazina kadherini kabisa." Zinayo, jamani, hiyo protini inayoshikanisha seli. Swali ni mlizing'oaje seli kwenye sahani.

1. Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini tunachong'olea seli. Kalsiamu ikiwapo, kadherini huwa imara na tripsini haiikati kirahisi. Mkichanganya na EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, kalsiamu inaondoka na sehemu yote iliyo nje ya seli inakatwa. Parueni seli zikiwa ndani ya bafa ya kuyeyushia, juu ya barafu. Basi.

2. NCAM, protini nyingine ya kushikanisha seli, si mstari mmoja kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Jeni ni moja, ila RNA yake huunganishwa kwa namna tofauti, tukapata aina za kilodaltoni 120, 140 na 180. Ya 180 ni ya neva zaidi. Ya 120 haina mkia ndani ya seli. Imeshikwa kwenye utando kwa nanga ya mafuta. Misuli inapounda nyuzi huongeza kipande chake yenyewe.

Hapa ndipo nilipoumia. Jeli yangu ya ubongo wa kiinitete cha kuku ilitoa wingu refu juu ya 200, bila mstari hata mmoja. Nikaamua protini imeoza. Nikatupa sampuli zote, nikabadilisha kingamwili, nikawalaumu wenzangu kwamba wameacha friji wazi. Hawakuwa wameiacha wazi. Protini iliyokatikakatika hushuka chini ya jeli, na wingu langu lilikuwa juu! Ilikuwa asidi ya polisialiki, minyororo mirefu ya sukari ambayo NCAM ya kiinitete huibeba, nayo huzuia seli zisishikane mno wakati bado zinahama na kuotesha neva. Kimeng'enya cha Endo-N kingeikata minyororo hiyo na mistari ingejitokeza. Wenzangu niliwaomba radhi. Sampuli ndiyo hazikurudi.

3. C2C12, seli za misuli ya panya tunazokuza maabara, zisijae sahani kabla hamjazigawa.

4. Andikeni hali ya msuli. Seli changa za misuli zina NCAM tele. Neva ikishafika inapungua, na kwa mnyama mzima hubaki hasa pale neva inapogusana na msuli. Neva ikikatwa, NCAM inarudi kwenye uzi mzima. Juzi nimekuta mirija imeandikwa "msuli, panya" tu. Upande uliokatwa neva au ule mwingine? Mwenyewe hakumbuki, na jeli yake nzuri kabisa hakuna awezaye kuisoma.