London hadi Tokyo: kilomita zilivyonidanganya

Treni yangu ya Osaka iliondoka saa mbili asubuhi. Mimi nilitua Tokyo saa tatu na kitu. Tiketi ile haikurudishiwa pesa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya haraka haraka. London hadi Tokyo ni kama kilomita 9,600, ndege kubwa huenda takriban kilomita 900 kwa saa, basi saa kumi na kitu nimefika. Nikakata tiketi ya treni kwanza. Ya ndege niliinunua baadaye, nikaangalia tarehe na bei tu.

Zile kilomita 9,600 ni za njia fupi kabisa. Chukua tufe la dunia uvute uzi kati ya miji hiyo miwili, utaona unapanda kaskazini na kukatisha Urusi. Tangu 2022 mashirika ya Uingereza yamefungiwa anga hiyo, na ya Japani yanaikwepa. Kwa hiyo ndege yangu ilizunguka kusini, ikapitia Uturuki na Asia ya Kati, safari ya saa 12 ikawa ya 14. Wakati wa kurudi ndio nilishangaa zaidi: tuliondoka Tokyo kuelekea mashariki, tukapita juu ya Alaska na Greenland, tukaingia London kwa upande wa pili! Kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda mashariki unakusukuma.

Siku hizi kilomita siziangalii. Nachukua saa zilizoandikwa kwenye tiketi, ambazo kila moja ni ya mji wake, natoa tofauti ya majira nikienda mashariki, au naijumlisha nikienda magharibi. Kuondoka London saa tano asubuhi, kufika Tokyo saa tatu asubuhi kesho yake: hapo kuna saa 22. Toa 8 (majira ya baridi ni 9, Waingereza wakirudisha saa nyuma), zinabaki 14. Muda huo unahesabu pia ndege inapojikokota uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Angalia sana ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo uwanjani unakwenda Ijumaa jioni. Ukienda Jumamosi usiku, ndege imeshaondoka usiku uliopita.

Na kama unaunganisha ndege, kata tiketi moja ya safari nzima hata ikizidi bei kidogo. Ya kwanza ikichelewa, shirika litakutafutia nyingine. Ukikata mbili mbalimbali, ya pili ikikuacha ni shauri yako, na kwa kawaida mizigo unaichukua na kuikabidhi upya.

Osaka nilifika jioni, kwa tiketi ya pili.