Fundi Anajibu: Baiskeli ya Chuma ya Zamani na Gia za Kisasa

SWALI: Ndugu Fundi, pokea salamu zangu. Nina baiskeli ya safari aina ya Dawes Galaxy niliyoachiwa na mwalimu Mwingereza aliyemaliza mkataba wake hapa Moshi. Fremu ni ya chuma na ina kibandiko cha Reynolds 531. Rangi imechubuka, lakini sijaona mahali ambapo kutu imekula chuma chenyewe. Mbele ina sproketi mbili, ya meno 52 na ya meno 42, na nyuma zipo sita, ndogo kabisa ina meno 14 na kubwa kabisa 28. Matairi yameandikwa 27 x 1 1/4. Nia yangu ni kwenda nayo Lushoto nikiwa na mabegi, ila nilipoijaribu kwenye mlima wa kuelekea Marangu nilishindwa, nikashuka nikasukuma. Fundi mmoja ameniambia kwamba gia za kisasa haziingii mpaka fremu ikatwe nyuma na kuchomelewa upya ili ipanuke, na kwamba ikishapanuka ninunue mfumo wa gia 12, yaani wenye sproketi 12 nyuma. Je, ni kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali mtu yeyote aichomelee fremu hiyo. Simlaumu sana fundi wako, kwa kuwa baiskeli nyingi anazozishika ni za chuma kinene ambacho huchomelewa asubuhi na jioni zikarudi kubeba magunia ya mkaa. Reynolds 531 ni chuma cha namna nyingine, kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, na kwa sababu ya uimara wake mabomba yake hutengenezwa membamba kiasi kwamba katikati unene wa ukuta wake haufiki milimita moja. Mabomba hayo yaliunganishwa kwa kulehemu kwa shaba, kwa joto la chini kuliko la mashine ya kuchomelea. Ukiyapiga moto mkali unayadhoofisha pale pale penye kazi kubwa, na ufa hautatokea karakanani bali mteremkoni.

Kabla hatujafika kwenye kupanua fremu, tuulizane kwanza unachokitafuta. Hukushindwa Marangu kwa sababu gia zako ni chache. Ulishindwa kwa sababu ile nyepesi kuliko zote bado ni nzito. Chukua meno 42 ya mbele uyagawe kwa 28 ya nyuma, unapata 1.5, maana yake pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu. Mzunguko wa tairi lako ni kama mita 2.16, kwa hiyo kila ukikanyaga mzunguko mmoja baiskeli inasogea mita 3.24. Miguu hupenda kuzungusha angalau mara 60 kwa dakika, na kwa mwendo huo baiskeli yako inatakiwa ikimbie karibu kilomita 12 kwa saa hata mlimani, jambo ambalo mtu mwenye mabegi mawili nyuma hawezi kulifanya kwa muda mrefu. Sasa weka mbele sproketi ya meno 26 na nyuma ya meno 34: kila mzunguko unasogea kama mita 1.65, na kwa miguu ile ile mara 60 kwa dakika unapanda kilomita 6 kwa saa. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi na inakupandisha takriban mita 1,000, kwa hiyo utatumia muda mrefu, lakini utafika ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kwa kufuata hesabu hiyo, njia ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi na ambayo mafundi wengi huiruka, haihitaji hata kugusa upana wa fremu. Sproketi zako za nyuma ni za friwili, yaani zote ni kipande kimoja kinachokazwa kwa uzi juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Friwili za gia saba zenye meno 14 hadi 34 zipo, zinakazwa kwenye habu hiyo hiyo, na zinaenea kwenye nafasi ya milimita 126, ambayo ndiyo nafasi ya kawaida kwa fremu za gia sita kama yako. (Ipime mwenyewe kwa rula, kutoka uso wa ndani wa mdomo mmoja wa fremu, yaani ule mpasuo wa nyuma unaoshika gurudumu, hadi uso wa ndani wa mdomo wa pili, gurudumu likiwa limetolewa.) Mbele utabadilisha krenki, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake, uweke yenye sproketi tatu za meno 48, 36 na 26, na kifaa cha kusogeza mnyororo mbele nacho kitabadilika, kwa kuwa cha sproketi mbili hakimudu tatu. Dereila ya nyuma, yaani kile kifaa chenye vijigurudumu viwili kinachovuta mnyororo, lazima iwe ya mguu mrefu, ya baiskeli za milimani, kwa sababu ile fupi haiwezi kufikia sproketi ya meno 34 wala kukusanya mnyororo unaolegea ukiwa kwenye sproketi ndogo.

Kabla ya kufungua friwili ya zamani nakusihi jambo moja: usikate spoki hata moja. Friwili hufunguka kwa kifaa chenye meno yanayoingia katikati yake, kikishikwa na jiliwa, kisha unashika rimu nzima kama usukani wa lori na kuigeuza kinyume cha saa. Miaka mingi ya kukanyaga imeikaza kuliko mkono wa mtu yeyote, na rimu ndiyo inayokupa nguvu ya kuifungua. Nimeletewa habu tupu, spoki zimeshakatwa, na mwenyewe akaniuliza kwa upole friwili itatokaje. Haikutoka.

Njia ya pili ni kusuka gurudumu jipya la nyuma lenye habu ya kaseti, ambayo sproketi zake huchomekwa juu ya habu badala ya kukazwa kwa uzi, na hii naipenda zaidi kwa safari ndefu. Sababu yake haihusiani na idadi ya gia. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia hukaa mbali na mdomo wa fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli hubaki bila tegemeo, na ukipakia mizigo kwenye njia ya mashimo ekseli hupinda, hatimaye hukatika. Kwenye habu ya kaseti gololi hizo zimesogezwa nje, karibu kabisa na fremu. Habu za kaseti za baiskeli za barabarani zenye breki za rimu kwa kawaida zina upana wa milimita 130, na za milimani zenye ekseli ya kawaida 135. Ile ya 130 inazidi fremu yako kwa milimita 4 tu, mbili kila upande. Chuma chako kina unyumbufu wa kutosha, unavuta midomo kwa vidole gumba na gurudumu linaingia. Ya 135 inahitaji fremu ipinde na ibaki hapo, kazi inayofanyika ikiwa baridi, upande mmoja mmoja, kidogo kidogo, kwa ubao mrefu unaotumika kama wenzo. Ukimaliza, funga uzi kwenye mdomo wa kulia, uuzungushe mbele ya shingo ya fremu na kuurudisha hadi mdomo wa kushoto, kisha pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Hakikisha pia kwamba midomo yenyewe inatazamana sawasawa, la sivyo utaivunja ekseli mpya kama ile ya zamani. Haya nayasema kuhusu chuma peke yake. Fremu ya alumini haipanuliwi.

Gia 12 ziache. Mnyororo wake ni mwembamba, vipuri vyake ni ghali, na kikikuharibikia kitu njiani Same au Mombo hutapata cha kubadilisha, wakati mnyororo wa gia saba au nane upo hata kwa fundi wa chini ya mti. Kaseti ya gia nane ya meno 11 hadi 34 inakutosha. Vijiti vyako vya gia vilivyo kwenye bomba la chini, kama ni vile visivyo na vidato, yaani visivyobofya hatua kwa hatua, vibakishe: havina habari na idadi ya sproketi, unavisogeza mpaka mnyororo unyamaze. Ukitaka vyenye vidato, basi kijiti, dereila na kaseti lazima vipatane. Kwa bahati nzuri kampuni ya vipuri ya Shimano ilitumia mvuto mmoja wa waya kwa dereila zake nyingi za gia saba, nane na tisa, za barabarani na za milimani, kwa hiyo dereila ya milimani ya gia tisa inafanya kazi na kijiti cha gia nane bila ugomvi.

Ukibadilisha krenki, kumbuka kwamba fremu ya Kiingereza, pale ekseli ya pedali inapopita, ina kikombe cha kulia chenye uzi wa kinyume. Kinafunguka kwa kukigeuza upande wa saa. Wengi wameharibu uzi huo kwa ubishi.

Mwisho ni matairi, na hapa kuna mtego wa madukani kwetu. Rimu yako ya 27 ina kipenyo cha milimita 630. Ukiomba tairi la 28 utapewa la baiskeli za Phoenix na Raleigh za mzigo, 28 x 1 1/2, ambalo ni 635, nalo litachezacheza kwenye rimu yako. Ukisuka gurudumu jipya chagua rimu ya 700C, ambayo ni 622, na fanya hivyo mbele na nyuma. Matairi yake nayo mara nyingine huandikwa 28, kwa hiyo usisome neno hilo, soma namba ndogo ubavuni: 35-622 au 37-622. Kipenyo kikipungua milimita 8, ukingo wa rimu utashuka milimita 4, na vipande vya breki utavishusha kiasi hicho hicho. Angalia kama mtaro unaoshikilia vipande hivyo kwenye breki zako una nafasi hiyo kabla hujanunua chochote.

SWALI: Mimi nimeshaweka friwili mpya ya gia saba kwenye baiskeli yangu ya chuma, lakini nikikanyaga kwa nguvu mnyororo unaruka kwenye sproketi ndogo. Fundi amekaza waya mara nne bila mafanikio. Kosa liko wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Waya hauna kosa, mwachie huru. Inaelekea umeweka friwili mpya ukabakiza mnyororo wa zamani, ambao umeshalegea viungo na haukai tena kwenye meno mapya. Weka rula kwenye pini moja na uhesabu nafasi 24 kati ya pini na pini. Mnyororo mpya unasoma milimita 304.8. Wako ukifika 306.5 ubadilishe, na ukifika 308 ujue umeshakula na sproketi za mbele pia. Zitazame: meno yakiwa yamelala upande mmoja kama mapezi ya papa, nazo zibadilishwe siku hiyo hiyo, maana zikibaki zitaula mnyororo mpya kama ule wa kwanza.