Mwasho Usiokoma: Mwambie Daktari Umetokea Wapi

Mama mdogo alipohamia kwetu Kimara akitokea Mahenge, wilayani Ulanga, alikuwa akijikuna usiku kucha. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya aleji, ya pili ikampa ya upele. Mwasho ukabaki palepale, na kwenye miundi ngozi ilishaanza kutoka madoa meupe kama ya chui. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Muuguzi mmoja alipouliza na kusikia Mahenge, akamshauri akapime usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi na unaoweza kupofusha. Akakatwa vipande vidogo vya ngozi nyongani, vikaangaliwa kwa hadubini, na vijiminyoo vikaonekana.

Jiji hili la Dar es Salaam limejaa watu wa Ulanga, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Usambara, maeneo ambayo usubi umekuwapo miaka mingi. Mjini hapa huupati, kwa sababu yule nzi mdogo mweusi anayeueneza hutaga kwenye mito iendayo kasi. Lakini ukishaumwa naye mara nyingi huko, minyoo unapanda nayo basi mpaka Mbezi. Minyoo mikubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, na huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Majike huzaa vijiminyoo kwa maelfu, navyo hutambaa kwenye ngozi na kuingia machoni. Vinapofia humo jicho huvimba ndani, likapata makovu, na mtu akapofuka polepole. Uoni ukishapotea hivyo, dawa hairudishi. Kwa hiyo kama unawashwa miezi na miezi, au unapapasa kinundu kigumu kisichouma nyongani au mbavuni, taja kijiji chenu kabla hujaulizwa.

Dawa ni ivermectin, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi tangu 1987. Inaua vijiminyoo na kuzuia majike yasizae kwa miezi kadhaa, ila minyoo mikubwa inabaki hai. Ndiyo sababu kingatiba, yaani kugawa dawa hii kwa wanakijiji, hurudiwa kila mwaka, kwingine mara mbili kwa mwaka, na anayemeza mara moja tu akaona yamekwisha anajidanganya. Hapa ndipo sisi tuliohamia Dar tunapokosa: wagawa dawa wanapita nyumba kwa nyumba kule, wakati sisi tuko huku. Piga simu nyumbani uulize ugawaji ni lini, au nenda hospitali umweleze daktari. Yeye anaweza pia kuongeza doxycycline ya wiki 4 hadi 6, inayodhoofisha minyoo mikubwa kwa kuua bakteria wanaoishi ndani yake.

Tafadhali, usiende duka la dawa za mifugo. Ivermectin ya ng'ombe ipo, na dozi yake si ya binadamu. Kwenye ugawaji mtu hupimwa urefu ndipo ahesabiwe vidonge. Wajawazito, anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki moja, mgonjwa mahututi na watoto walio chini ya sentimita 90 hawapewi.

Mama mdogo alivimba uso na mwasho ukazidi baada ya kumeza. Huwa hivyo vijiminyoo vinapokufa kwa wingi, na hupita baada ya siku chache. Wengi huishia hapo na kusema dawa ina sumu. Mwambieni mgonjwa mapema, na akizidiwa arudi hospitali.

Mkienda kijijini likizo, chandarua hakitawasaidia kwa hili, maana nzi huyo huuma mchana. Vaeni mikono mirefu na suruali mnaposhuka mtoni.

Jambo la mwisho ni la watoto. Mahenge, kifafa kimeonekana kwa wingi kwenye vijiji vyenye usubi, pamoja na ile hali ya mtoto kudondosha kichwa tena na tena, hasa anapoanza kula. Msimpeleke kwa mganga wala kumficha ndani. Apelekwe hospitali, kwani dawa za kupunguza degedege hizo zipo, na akizianza mapema anaweza kuendelea na shule.