Starlet ya shemeji na majina ya marehemu

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza kama kampuni za magari zifufue majina ya magari yao ya zamani yale yenye mbio au ziyaache yapumzike. Mi jibu nimelipata Gerezani, kwenye duka la spea.

Mwezi uliopita shemeji alinituma brekipedi za Starlet yake, ile mpya mpya. Nikafika nikasema nipe za Starlet, jamaa hata hajaniangalia kaniletea za EP82, yaani Starlet ya zamani, nikamwambia hapana kaka ni hii ya sasa hivi, akageukia huko ndani akapaza sauti, "We dogo, leta za Baleno!"

Na yuko sahihi bana. Starlet iliyoletwa Afrika 2020 ni Suzuki Baleno inayotengenezwa India, ikabandikwa nembo ya Toyota. Sio gari baya, shemeji anaenda nayo Bagamoyo na kurudi mshale wa mafuta kama umelala. Ila sasa huko India kwenyewe gari hilohilo tangu 2019 wanaliita Glanza. Glanza jamani! Kwa wasioijua, Glanza V ilikuwa kwenye Starlet za mwisho, 1996 mpaka 1999, injini 4E-FTE ya cc 1,300 yenye tabo (turbo, ya kuiongezea injini nguvu), hosipawa 135 kwenye kigari ambacho hakifiki hata tani moja. Unasimama nacho kwenye mataa unakidharau, unajua huyu anawahi sokoni tu, taa ikigeuka kijani unabaki unasoma namba yake ya nyuma. Leo jina hilo limepewa gari la kupeleka watoto shule, na tabo hakuna.

Msinifanye mzee wa zamani ndo kulikuwa na magari, mi sina hiyo. Supra, gari la mbio la Toyota, ilivyorudi 2019 watu walilia sana eti ni BMW, na kweli injini ni ya BMW, imechangia vitu kibao na Z4 ya BMW na ikaunganishwa Graz, Austria. Yule kaka wa Gerezani hapa atanicheka maana kwa hesabu yake ya spea hiyo ni BMW na mjadala umeisha. Ila mi naangalia gari linafanya kazi gani, silinda sita za mstari zipo, tabo ipo, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, milango miwili, na kelele zilivyozidi 2022 wakaongeza na gia za manyuo, za kubadilisha mwenyewe. Ya zamani iliyokoma 2002 si ndo ilikuwa hivyohivyo? Mtoto kafanana na babu, mama kutoka ukoo mwingine sio kesi.

Sasa njoo kwa Ford. Capri ya 1969 mpaka 1986 ilikuwa gari ya kijana, boneti refu, milango miwili. 2024 wakairudisha ikiwa ya umeme, milango mitano, imepanda juu kama gari ya familia, na chini ni ya Volkswagen. Umeme sio dhambi, mi hata ya umeme naendesha nikipewa, lakini hiyo ungeiita jina lingine lolote nani angekuuliza? Mitsubishi nao 2017 Eclipse, iliyokuwa gari la mbio, wakaifanya Eclipse Cross, kigari cha mwinuko, hata sitaki kuongea.

Kinachoniuma ni kwamba haya majina hayakutafutwa kwa matangazo. Celica ya Toyota ilichukua Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 85 na 86, kwenye mavumbi na matope ya hapo Kenya, wazee wetu wanaikumbuka mpaka leo.

Alafu kuna kitu hao wakubwa wa Japani sidhani kama wanakifikiria, huku Dar hayo majina hayajawahi kufa. Altezza ya Toyota kwao iliisha 2005 ikawa Lexus IS, huku kwetu ipo kila kona. Bro wangu alikuwa nayo RS200, gia sita za manyuo, injini 3S-GE ya hosipawa 210, aliiuza akajenga msingi wa nyumba Kivule na mpaka leo akisikia mlio ule anageuka (nyumba yenyewe bado haijapauliwa). Wakirudisha Altezza yenye milango minne, inayosukuma nyuma na gia za manyuo, hata iwe haibridi, mi nitaisubiri ije mtumba miaka kumi baadae na ushuru wa uchakavu nitalipa nikinung'unika. Wakitaka kulibandika jina hilo kwenye kigari cha mwinuko cha kuendea supamaketi basi waliache, maana wao watauza miaka mitano wahamie jina lingine, sisi ndo tutabaki tunaelezana dirishani Gerezani ni Altezza ipi.

Brekipedi za Baleno lakini ziliingia bila shida.

Msomaji wenu, Tabata