Jibu: Gauni la bat mitzvah lenye mabega wazi

Shalom dada. Kumbe binti kapenda gauni lisilo na mikono kwa bat mitzvah yake, ile sherehe ya msichana wa Kiyahudi kufikia umri wa kuwajibika kidini, nawe unahofia watu wa sinagogi watanuna. Kabla hujatoa hela, muulize rabi wenu. Sisi huku New Jersey ni Reform, Wayahudi wa msimamo huria, na sinagogi letu walitaka mabega yafunikwe tu. Kwa Orthodox, wale wanaoshika sana mapokeo, huwa ni viwiko na magoti pia.

Binti yangu nilimwambia avae gauni alilochagua palepale dukani, ainame na kunyoosha mkono kama anayefuata mistari ya Torati. Likapanda mapajani! Tukaliacha. Satini nayo huteleza, shali ya sala haitulii begani.

Usinunue mapema mno, wa miaka 12 hurefuka ukiwa umelala. Fundi aache pindo la kushusha. Hilo la mabega wazi alivae kwenye sherehe ya jioni.